Weupe wa Fundi Suti

Mwezi mzima nilikula ugali asubuhi, nikiushushia kwa bilauri kubwa ya maji, nikingoja kuwa mweupe. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani habari hizi mnapewa na mtu mwenye akili. Nimesoma hadi kidato cha nne, somo la biolojia sikufeli, na bado kila nilipomaliza kula nilikwenda mbele ya kioo cha chumbani nikageuza shavu hili, nikageuza na lile. Mke wangu alikuwa akipita nyuma yangu na ndoo yake, anasema, "Bado, baba. Labda kesho."

Aliyenipa dawa hiyo ni jirani yetu pale Buzebazeba, Kigoma, fundi wa suti, Mkongomani aliyevuka ziwa miaka ile ya wakimbizi. Jina lake sitalitaja. Hata mtaani halikutumika. Wote tulimwita Fundi, ingawa mafundi walikuwa wengi, na hakuna aliyewahi kuuliza ni yupi.

Shida yangu ilianzia kwenye picha. Mdogo wake mke wangu aliolewa Ilagala, na picha zilipoletwa nikajitafuta katika kundi la ndugu nisijione. Niliona kola, nikaona meno. Harusi nyingine ilikuwa njiani. Na huku Fundi, aliyehamia mtaani akiwa mweusi kama sisi wengine, alikuwa anazidi kung'aa mwezi hadi mwezi, kuanzia paji la uso hadi kwenye vidole. Mtaa ulikwisha toa hukumu: anajichubua. Mkongomani, tena mpenda suti, tena mtu wa manukato, unataka shahidi gani mwingine? Nikamwendea siku ambayo hakuwa na mteja, nikamwomba aniambie jina la krimu anayopaka.

Alinitazama, pini amezibana midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Siyo krimu, Form Four," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku nilipojisifia cheti changu. "Ni nidhamu. Asubuhi unakula ugali, unashiba kabisa. Kisha maji, bilauri kubwa. Usiruke hata siku moja. Ukiruka, umeharibu yote."

Nikaenda kusonga ugali.

Sasa niwaeleze alivyokuwa. Mashine yake aliiweka kwenye kibaraza cha duka moja njiani, mahali ambapo ziwa lote linaonekana, halafu akaketi akiligeuzia mgongo. Wateja walimwuliza kwa nini asigeuze kiti apate upepo. Akasema, "Maji yale tumekwisha kuonana. Hatuna jipya la kuambiana." Lakini samaki wake, migebuka, alikula, tena kichwa na vyote, na ukimletea dagaa wenye mchanga alikurudishia. Ugomvi wake na ziwa haukufika jikoni.

Alivaa kizibao siku zote. Jua la saa nane, sisi tumebaki na fulana zilizotoboka, yeye amefunga vifungo vyote mpaka cha chini, suruali imenyooshwa ukaweza kukatia nyanya. Alitoka kambini Kasulu na gunia moja tu, na ndani ya gunia hilo, kwa maneno yake mwenyewe, palikuwa na pasi ya mkaa, mkasi na tai mbili. Sufuria hakubeba. "Sufuria mtu atakuazima," alisema. "Nani atakuazima tai?"

Kwa uzi alikuwa bahili wa kutisha. Alikuwa anaokota vipande vilivyoanguka chini, anavifunga pamoja, anavitumia kupigia bandi, ule mshono wa muda wa kufumuliwa baadaye. Lakini chai yake ilikuwa ya kila mtu, na sukari hakupima. Nilijaribu kumwonyesha kwamba sukari inamgharimu zaidi ya uzi. Akaniambia hesabu ni kitu kizuri, niendelee nayo.

Jicho lake lilipima watu bila futi. Siku moja mke wangu alipeleka kitambaa ashonewe gauni, Fundi akamwambia, "Mama, hapa ubavuni niache nguo ya kutosha ndani, tutaifungua baadaye." Mke wangu akacheka, akaangalia chini. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nilikuja kupata habari za mimba ile wiki mbili baada ya fundi cherehani.

Na kuna habari ya suti ya marehemu. Familia moja ya Rusimbi ilifiwa na baba yao, wakataka azikwe na suti, na mazishi ni kesho yake. Wakamwambia, Fundi, hii shona haraka haraka, mifuko achana nayo, bandika vifuniko tu ionekane kama ipo. Alikesha nayo. Walipokuja kuichukua, mifuko ilikuwepo, ya nje na ya ndani, mizima, ina bitana. Mtoto wa marehemu akasema lakini tulikwambia. Fundi akajibu, "Baba yenu alikuwa na mikono. Ataiweka wapi?" Yule kijana, jitu zima la kupakua mizigo bandarini, alilia pale kibarazani kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Jirani wa upande wa pili alikuwa Mama Shukuru, Muha wa hapa hapa, muuza mawese, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimeza neno. Kila asubuhi alipita na madumu yake mbele ya kibaraza kile, na salamu yake ilikuwa moja. "Mwakeye, mzungu wetu! Leo umepaka ya wapi?" Wanaopita wakacheka. Fundi akainua kofia, akainama kidogo kama balozi, akajibu, "Ya Paris, mama." Hakukasirika hata mara moja. Mimi nilidhani ni upole.

Macho nayo yalikuwa yanamvimba asubuhi, watu wakasema ni gongo. Na hilo akaliacha lipite.

Basi mwezi wangu wa ugali ukaisha. Nilinenepa tu. Nikamfuata kwa malalamiko, nikamwambia nimefuata nidhamu yote, sikuruka siku, lakini mke wangu anasema bado. Alicheka mpaka akashikilia meza ya mashine. Alicheka mpaka machozi, na yale machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha. Ndipo akasema, "Kuna kitu kimoja nilikusahaulia." Akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akasogeza bobini na chaki, akatoa kopo la vidonge.

"Kati ya ugali na maji," akasema, "kuna hiki."

Akanieleza taratibu, bila kuacha kuchoma pini, kana kwamba anasimulia habari za mteja. Kule kambini alianza kutokwa jasho usiku na kukonda, huku tumbo upande wa kushoto likikua gumu kama ameficha kitabu chini ya mbavu. Ilikuwa bandama. Wakampima damu, wakampeleka huku na huko, mwisho Dar es Salaam, na huko wakamwambia ni saratani. Inakaa ndani ya mifupa, kwenye uboho, kule damu inakotengenezwa. Chembe nyeupe zinazaliwa bila breki, zinajaza mwili, zinakosesha nyingine nafasi.

"Kama cherehani iliyoshikwa na wazimu," akasema. "Inashona, inashona, nguo hamna, uzi tu unajaa chumbani."

"Na hivi vidonge?"

"Vinakanyaga breki. Lakini mguu uwe pale kila siku. Ukitoa mguu, inaanza tena."

Havikuwa vya kununua. Mtu kama yeye asingeviweza hata angeshonea suti mkoa mzima. Wanaovitengeneza walikuwa wanavitoa bure kwa wagonjwa wa aina hiyo, ila sharti uvifuate mwenyewe Dar es Salaam, upimwe damu, ndipo upewe vingine. Ndiyo maana kila baada ya miezi kadhaa alikuwa akiomba kibali cha mkimbizi kusafiri na kupanda treni. Sisi alituambia anafuata vitambaa, na kwa kweli alirudi na vitambaa. Daktari alimwonya tangu mwanzo: macho yatavimba, misuli ya miguu itakaza usiku, na mtu mweusi anaweza kupauka ngozi.

Nikamwuliza kwa nini basi asiseme, watu waache kumcheka.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Form Four, mkimbizi akiugua watu wanasema ameuleta. Maji yakiwa machafu, ni sisi. Kipindupindu, ni sisi. Sasa niwaambie nina saratani ya damu? Nani ataniletea suruali niipime, nimshike kiuno? Acha waseme naringa. Mtu anayeringa anapata wateja."

Akanishika mkono akaniapisha, si kwa Biblia, kwa mkasi wake. Nikaapa. Tangu siku ile kila Mama Shukuru alipopita na kusema "mzungu wetu," mimi ndiye niliyetazama chini.

Kizibao nacho nikakielewa. Alikikata siku aliporudi kutoka Dar es Salaam safari ile ya kwanza ambayo vidonge vilimkubali na tumbo likanywea. Alikipima mwilini mwake kikambana sawasawa, bila ziada. Kila asubuhi akifunga kifungo cha chini bila kuvuta pumzi, alijua bandama imelala. Daktari alikuwa na mashine zake. Yeye alikuwa na kifungo.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu ng'ambo wakasema pametulia, na meli zikaanza kuwarudisha watu kwao. Bandarini ukaona familia nzima, mabati, magodoro, kuku. Mke wa Fundi alikuwa ametangulia na watoto, akashike kiwanja kabla hakijapata mwenyewe mwingine. Huyo naye hakujua lolote la vidonge. Alijua tu kwamba mumewe ana wateja wakubwa Dar es Salaam. Kila boti iliyokuja Kibirizi ilileta salamu zake, na salamu zilizidi kuwa fupi. Ya mwisho niliisikia mwenyewe ikitolewa na mfanyabiashara wa vitenge: "Mama anasema wenzako wote wamefika. Anauliza, huko umeoa?"

Fundi alicheka. Akaomba chaki.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina kiduka kwenye dirisha la chumba changu mwenyewe, nilikifungua hapo makusudi ili nisilazimike kwenda popote, na naweza kumaliza wiki sijafika hata barabarani. Ndiyo sababu niliyepaswa kuona kwanza niliona mwisho. Mama Shukuru ndiye aliyekuja dirishani kununua sabuni, amefurahi kama aliyealikwa harusini.

"Umemwona Fundi? Amerudi kuwa mtu! Ameacha mambo yake ya krimu, rangi ya Mungu inarudi. Leo nimempa mkono wa pongezi."

Nilimpa sabuni. Nikavaa viatu. Mke wangu alipoona navaa viatu akauliza nani amekufa.

Fundi alikuwa pale pale, amelipa ziwa mgongo. Shingo ilikwisha kuwa nyeusi, mikono inafuata. Alikuwa mzuri kwa kweli. Alikuwa kama picha yake ya zamani. Sikuwa nimewahi kuogopa rangi ya mtu kabla ya siku ile.

"Umeacha lini?" nikamwuliza.

"Ng'ambo hakuna vidonge," akasema. "Nikipanda meli, napanda bila hivyo. Basi najipima kwanza nikiwa hapa. Kama mwili unakubali, nitakwenda na wenzangu."

"Na usipokubali?"

"Mpaka sasa unakubali. Nala, nalala."

"Fundi, usipokubali?"

Akanyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. "Nitakuwa nimefia nyumbani, jirani. Kuna watu hata hilo hawakupata."

Nilirudi dirishani kwangu, na kwa siku kadhaa nikawa nawarudishia wateja chenji isiyo yao. Niliwaza kiapo, niliwaza mkasi. Nikajiambia mtu mzima ana haki ya kwenda kwake. Nikajiambia pia kwamba mtu anayejipima suti mwenyewe hawezi kuona mgongo. Ndipo Mama Shukuru alipokuja tena kwa sabuni, ameanza tena kusifu weusi wa Fundi, na mimi nikasikia sauti yangu inamwambia yote, kuanzia uboho hadi ugali, na kifungo cha kizibao pia.

Alinyamaza. Kwa miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kusikia kimya cha mwanamke yule. Kumbe kilikuwa kizito. Kisha akamwita Mungu wake kwa Kiha, "Imana yanje. Na mimi nilimpongeza." Akaondoka bila sabuni.

Niliposikia kelele nikatoka. Alikuwa amesimama mbele ya kibaraza, mikono kiunoni. "Funga kifungo cha chini," alikuwa anasema.

"Mama, kuna joto," Fundi akajibu. Na kweli nikaona: kizibao kilikuwa wazi. Yeye, saa nne asubuhi, kizibao wazi.

"Joto limeanza leo Kigoma? Funga."

"Mama Shukuru, mbele ya watu..."

"Watu hawa ndio waliokuita mzungu, mimi nikiwa mbele yao. Watatazama na hili. Funga."

Alijaribu. Cha juu kikafunga, cha pili kikafunga kwa kuvutana. Cha chini alikisogeza, akavuta pumzi, akaivuta tena, tundu na kifungo vinatazamana kwa mbali kama watu wa ng'ambo mbili. Akaachia. Akaketi. Akanitazama mimi, si kwa hasira, akasema tu, "Mkasi ulikuwa na kutu, eh?"

Mama Shukuru hakumpa nafasi ya kuhuzunika. Asubuhi ya pili alimletea ugali mkubwa na samaki, akasimama juu yake mpaka chakula kikaisha, akampa maji, akamwambia toa hivyo vidonge nione unameza, na fungua mdomo. Vilikuwa vimebaki vichache tangu alipoacha. Safari ya kufuata vingine aliikwepa makusudi. Ikabidi apelekwe.

"Ataenda na nani? Hana nguvu," nikasema, kama mtu anayetoa hoja.

"Wewe huna kazi," akasema Mama Shukuru.

Hivyo ndivyo mimi, ambaye Ilagala naiona safari, nilivyojikuta kwenye treni ya Dar es Salaam. Nitafupisha aibu yangu: nilitapika kabla hatujafika Uvinza. Mgonjwa ndiye aliyenishikia kichwa. Alinipa limau, akanifuta mdomo kwa leso yenye manukato, akaniambia nikazie macho kitu kimoja mbali. Usiku nilipoamka alikuwa macho, shati limelowa jasho, ameweka mkono ubavuni kushoto kama anayemtuliza mtoto. Akasema, "Form Four, miye sikuogopa kufa. Niliogopa mke wangu aone nimefika kwake na tumbo hili, azike suti." Nikamrudishia kipande cha limau.

Daktari aliangalia majibu ya damu, akavua miwani, akamwambia maneno ambayo sitayarudia, kwa sababu Fundi aliyapokea amesimama wima kama mwanafunzi. Lakini vidonge vilikuwa bado vinamkubali. Daktari alisema ni bahati, na kwamba bahati haina desturi ya kurudi. Tulirudi navyo. Rangi ilianza kupauka upya. Kifungo cha chini kilichukua muda mrefu kuliko vyote, na siku kilipofunga hakusema kitu, ila alitengeneza chai akaita mtaa.

Wapo walioacha kuleta nguo habari za saratani zilipoenea. Sitasema hawakuwepo. Lakini yule kijana wa Rusimbi, aliyemzika baba na mifuko, alikuja kushonewa suti ambayo sidhani alikuwa na pa kuivalia, akasimama katikati ya kibaraza mikono juu, apimwe kiuno polepole, wapita njia waone.

Mke wa Fundi alikuja na boti. Ni Mama Shukuru aliyemtumia salamu kwa wale wa vitenge, na salamu zake huwa hazina utangulizi. Mama yule aliteremka Kibirizi akapandisha moja kwa moja hadi kibarazani, mzigo uko kichwani. Akamtazama mumewe, mweupe, macho yamevimba, kizibao kimefungwa. Akasema, "Ulidhani niliolewa na suti?" Kisha akatua mzigo, maana yake amefika.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya juzi juzi tu. Binti yao alikuwa anaolewa kule kwao, na Fundi alikuwa anavuka kwenda kumkabidhi, yeye na mkewe. Karatasi zake zilikuwa sawa kwa namna ambayo sikuuliza. Amezeeka. Miguu inamkaza, anatembea kama anayepima chumba kwa hatua. Lakini suti ile! Ndani ya koti, upande wa moyo, alikuwa ameshona mfuko wenye kifungo na bitana mbili usiingie maji, na humo ndimo vidonge vilimokaa. Akanifungulia nione mshono.

"Vinatosha kwenda na kurudi?" nikauliza.

"Kwenda, kucheza, na kurudi."

"Na wakikuambia ubaki? Ni kwenu, Fundi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amesimama uso wake ukiangalia ziwa. Milima ya ng'ambo ilionekana vizuri asubuhi ile, mpaka mabonde yake. Aliitazama mpaka nahodha akamwita mara ya pili.

"Wataniambia," akasema. "Najua wataniambia."

Nilimshika mkono kuvuka ubao wa kupandia, nikalowa hadi magotini, kitu ambacho mke wangu hakuamini hadi alipoona suruali. Aliketi juu ya mzigo wa vitenge, akanyoosha mkunjo wa goti, akagusa kifuani upande wa mfuko. Boti ikaanza kusukumwa. Ndipo Mama Shukuru, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na madumu yake muda wote bila kusema neno, alipoingia majini na kanga yake na kupaza sauti hadi wabeba mizigo wakageuka:

"Fundi! Nenda ukaringe, lakini ukirudi hapa na weusi hata wa kidole, nitakuzamisha mimi mwenyewe!"